Barua kwa mwanangu: Baiskeli tatu zilizo stoo kwako

Mwanangu Salim,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nikiwa nimekaa. Unasema kuwa mwenzako wa chuoni hapo Utrecht, Uholanzi, hukuletea baiskeli za umeme, nawe huzipiga picha, huziweka kwenye Marktplaats, ule mtandao wa kuuzia vitu, hukutana na wateja, kisha hubaki na yuro 50 kwa kila moja. Mbili zimekwisha kuuzwa, na tatu zimo stoo chini ya jengo lenu. Umeniuliza: “Baba, mimi sijaiba kitu, nauza tu, je, sheria ya huku inaweza kunishika?” Inaweza, tena bila taabu. Kwa kuwa nilikaa The Hague miaka kumi na tisa nikifanya kazi ya ukalimani mahakamani kabla ya kurejea Tanga, nitakueleza ninavyolielewa jambo lenyewe, ingawa mimi nilikuwa mkalimani tu na sikupata kuwa wakili.

Kosa hilo Waholanzi huliita heling, nalo limo katika kifungu cha 416 cha kanuni yao ya adhabu, ile iliyoanza kutumika mwaka 1886. Kinamgusa mtu anayekipata kitu, anayekaa nacho au anayemkabidhi mwingine, hali akijua, wakati kilipomfikia, kwamba kimepatikana kwa uhalifu. Yasome maneno hayo polepole. Hakuna mahali panapodai kuwa uwe umekinunua, wala kwamba kiwe chako; kukiweka stoo kunatosha, na kumkabidhi mteja kunatosha. Adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 4 au faini ya daraja la tano, ambayo Januari 2024 ilipangwa kufikia yuro 103,000. Kiasi hicho sikupata kukisikia kikitamkwa kwa ajili ya baiskeli mbili, lakini kifungu kinachofuata, cha 417, kinamhusu aliyeifanya kazi hii kuwa mazoea, na hapo kifungo hupanda hadi miaka 6. Mtu mwenye matangazo matano ya baiskeli kwa jina lake ndani ya mwezi mmoja asijiweke mbali sana na neno “mazoea”.

Ile kinga yako ya “sijaiba” nayo haikusaidii hata kidogo. Kwa sheria ya huko, aliyeiba kitu mwenyewe hahukumiwi kwa heling ya kitu hichohicho, kwa sababu kosa lake ni wizi. Anayeachiwa kosa hili ni yule ambaye hakuiba.

Basi kesi nzima husimama juu ya neno “kujua”, na hapa ndipo vijana wengi niliowatafsiria walipoteleza. Walidhani kujua ni kuambiwa kwa mdomo: “Hii nimeiba.” Mahakama za Uholanzi haziishii hapo. Ukiona kuna uwezekano mkubwa kuwa kitu ni cha wizi, ukaukubali na kuendelea na biashara yako, hilo nalo huhesabiwa kuwa ulijua. Na hata wakikubali kuwa hukujua kwa maana hiyo, kipo kifungu cha 417bis kwa mtu ambaye kwa busara ya kawaida alipaswa kushuku. Hicho kifungo chake hakizidi mwaka 1, ila faini ni ya daraja lilelile. Kwa hiyo anayefumba macho hatoki bure, hubadilishiwa kifungu tu.

Nakumbuka asubuhi moja, hakimu akiwa peke yake mezani kama ilivyo kwa kesi ndogo, mshtakiwa akidai kwamba baiskeli aliinunua kwa nia njema. Hakimu hakugombana naye. Alimwonyesha picha ya kufuli la duara, lile linalofungwa kwenye gurudumu la nyuma: rangi ya fremu kando yake ilikuwa imekwanguliwa hadi chuma kikang'aa, na kufuli lenyewe lilikuwa jipya kuliko baiskeli yote. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: ulilipa kiasi gani, ulikutana na muuzaji wapi, ulipewa funguo ngapi, risiti iko wapi? Nilizitafsiri nne hizo moja baada ya nyingine, na kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia. Jiulize wewe mwenyewe kuhusu hizo tatu zilizo stoo. Betri zake zina funguo? Nambari ya fremu inasomeka, au imepigwa tupa?

Zile mbili za mwanzo huenda uliziuza kwa moyo safi, nami nataka kuamini hivyo. Lakini kifungu cha 416 kina sehemu ya pili inayomhusu mtu ambaye kwa makusudi, kwa kutafuta faida, anakaa na mali ya uhalifu au anaiuza, hata kama mwanzoni hakujua ilikotoka. Shaka uliyoniandikia ndiyo inayozibadilisha hizo tatu. Ukiuza moja kesho, hutaweza tena kusimama pale ulipokuwa jana.

Usidhani pia kwamba mteja akishaondoka mambo yameisha. Sheria ya madai ya Uholanzi humpa mwenye mali iliyoibwa miaka 3 tangu siku ya wizi kuidai. Anayekingwa ni mnunuzi wa kawaida aliyenunua katika duka halisi la bidhaa kama hizo, si aliyenunua kwako kituo cha treni. Tena mnunuzi huyo, akiulizwa ndani ya muda huo, anapaswa kutoa habari za aliyemuuzia. Atatoa jina lako. La mwenzako halijui.

Sasa fanya hivi. Futa shughuli hiyo, usifute ujumbe mliotumiana. Usizihamishe baiskeli wala kumrudishia mwenzako kabla hujaongea na wakili. Juridisch Loket, ofisi ya huko ya msaada wa kisheria, hutoa ushauri wa awali bila malipo, nao watakuelekeza kwa wakili. Nambari za fremu unaweza kuzitazama katika daftari la RDW, idara ya serikali ya usajili wa magari, la baiskeli zilizoripotiwa kuibwa, ila zikikosekana humo usishangilie, kwa kuwa si kila aliyeibiwa ameripoti. Polisi wakikuita kabla hujampata wakili, una haki ya kunyamaza na ya kuongea naye kwanza kabla ya kuhojiwa. Itumie, wala usiione kuwa utovu wa adabu. Wao wenyewe wanatakiwa kukukumbusha.

Unasomea uuguzi, na hospitali itakudai cheti cha mwenendo, ile VOG, kabla ya kukupa zamu ya kwanza. Mama yako sijamwambia. Nitakupigia Jumapili baada ya Adhuhuri ya huku. Uwe umekwisha kuandika kwenye karatasi tarehe ya kila baiskeli ilipokufikia na maneno aliyokuambia mwenzako siku hiyo, kama alivyoyasema.

Baba yako