Mnaochora njia panda, kwanza kaeni kwenye usukani

Wadogo zangu mliojiunga na kazi ya usanifu wa barabara, nimepitia tena michoro yenu na njia panda mmeiweka palepale pa siku zote: ukishavuka tu kichwa cha kilima. Ukiitazama kutoka juu, inapendeza. Dereva haioni kutoka juu. Nakuombeni mshike haya.

1. Anzeni na sekunde, mita zitafuata. Gari iliyo kwenye kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Hesabu zetu humpa dereva sekunde 2.5 za kuona na kukanyaga breki, na mpaka gari isimame zimekwenda mita 130 hivi. Hiyo ni kusimama tu. Anayetafuta pa kutokea ana kazi zaidi: asome kibao, aamue, atazame kioo, ahame leni, apunguze mwendo. Ndiyo maana miongozo ya barabara kuu za Marekani humpa kati ya sekunde 10 na 14. Nyinyi mnampa nne, akikosea mnaandika "uzembe wa dereva".

2. Shukeni kwa jicho la dereva. Jicho hilo hukadiriwa kuwa mita 1.08 juu ya lami, yaani chini ya kifua cha mtu mzima. Kijana mmoja nilikuwa naye Pemba, kwenye vilima vya Chake kwenda Mkoani, akaniambia mdomo wa njia panda anauona vizuri. Alikuwa amesimama wima. Nikamwambia apige magoti ukingoni, atazame tena. Mdomo wote ukapotea, ikabaki ncha ya kibao, nayo nusu imefunikwa na tawi la mwembe. Tukakaa pale tukitazama magari. Mwenyeji aliwasha taa ya kukata kona tangu chini ya mlima. Mgeni alikiona kibao akiwa juu, akafunga breki, na gari ya abiria nyuma yake ikakwepa kwa kuingia upande wa pili. Mwingine alipitiliza, akasimama, akaanza kurudi nyuma kuelekea kilimani. Hakuna kichaa hata mmoja hapo. Kila mtu alifanya kile alichoonyeshwa na barabara, kwa wakati alioonyeshwa.

Kwenye barabara kuu za wenzetu ni hivyo hivyo: aliyechelewa kuiona njia ya kutokea hukatisha juu ya michirizi iliyochorwa pale njia mbili zinapoachana, au hurudi nyuma pembezoni. Hatari zaidi ni pale barabara kuu inapokata kona na njia ya kutokea ikaendelea moja kwa moja. Usiku dereva hufuata mstari ulionyooka, akajikuta ametoka na mwendo wake wote.

Na mkapime tena msimu wa karafuu, majamvi yakiwa yameanikwa pembezoni na watu wameinama juu yake. Ule ukingo mliouhesabu kuwa nafasi ya kukwepea, haupo.

3. Tawi la mwembe hukua. Andikeni nani atalikata.

4. Kibao kisomwe usiku, mvua ya masika inanyesha na taa za gari ya mbele zinakupiga machoni.

5. Umbo la barabara hushinda onyo. Kwenye msitu wa Jozani, Unguja, madereva walipunguza mwendo lami ilipowekwa matuta, na kima punju wakapungua kugongwa. Lakini tuta lisifichwe nyuma ya kilima, mtamvunja mtu mgongo. Barabara za juu za Amani na Mwanakwerekwe, mjini Zanzibar, nazo zinataka fikra hiyo hiyo: anayetaka kupita chini lazima alijue hilo kabla daraja halijaanza kupanda, akiwa bado anaweza kuhama leni bila kumbana mwenye Vespa.

Basi zile njia panda zihamisheni. Zipelekeni juu ya kilima penyewe, zionekane pande zote mbili, au zisogezeni mpaka mita zitoshe. Mkileta tena, leteni na mchoro wa ubavuni unaoonyesha kupanda na kushuka, mkiwa mmechora mstari wa jicho la dereva mpaka kwenye mdomo wa njia. Mstari ukigusa udongo, msinipe nisaini.