Tulipu Bukavu: frigo kwanza

Uliuliza, Yaya, kama maua ya tulipu yanaweza kuchanua hapa Bukavu. Yanachanua, ila kitunguu chake cha kupanda kianzie kwenye frigo. Kinataka baridi ya nyuzi 9 au chini yake kwa wiki 12 hadi 16, na usiku wetu, hata wa Julai, haukai kwenye baridi hiyo. Kitie kwenye mfuko wa karatasi, mbali na ndizi na avoka: gesi ya matunda yanayoiva huua ua likingali ndani. Nilipasua kimoja kilicholala na maembe. Katikati palikuwa pamekauka, rangi ya tumbaku. Iliniuma sana. Ukitaka maua ya muda mrefu, toa vitunguu vichache kwenye frigo kila baada ya wiki mbili, uvipande sentimita 15 chini. Mwaka ujao nunua vipya.