Kinanda kinapotoweka kwenye spika ya simu

Ndugu, unauliza kwa nini kinanda katika wimbo wako hutoweka kwenye spika ya simu ngoma inapoingia; kinanda hicho hakijafunikwa na ngoma, bali kinajifuta chenyewe pale spika moja inapolazimika kutoa kushoto na kulia kwa pamoja, kwa kuwa zana uliyotumia kukipanua, yaani kukifanya kisikike kimetanda kushoto na kulia, hugeuza wimbi la upande mmoja, na mawimbi mawili yanayopingana yakijumlishwa hubaki kimya au karibu na kimya. Bonyeza kitufe cha mono, kinachounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja, katika programu yako ya kurekodia muziki usikilize pale ngoma inapoingia: besi na sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) zitabaki palepale, ila kinanda kitasikika kama kinapigwa chumba cha jirani. Nililijua hili kwa taabu, baada ya miksi yangu (sauti zote za wimbo zikiwa zimechanganywa pamoja) iliyopendeza mno kwenye hedifoni kuchezwa kwenye redio ndogo ya jikoni, nikabaki nasikia ngoma tupu.

Ondoa upanuzi huo, utumie korasi, yaani zana inayoongeza nakala za sauti zinazoyumba kidogo, ya mtindo wa Roland Juno-60, sintesaiza (kinanda cha kielektroniki) ya mwaka 1982; korasi hiyo huiacha sauti asilia katika pande zote mbili na kuyumbisha nakala zake tu, hivyo kwenye mono hupungua mng'ao lakini haipotei. Ila kinanda kikiendelea kuwa hafifu hata baada ya hapo, huenda tatizo ni besi kugombania nacho nafasi kati ya hezi (kipimo cha masafa ya sauti) 200 na 400, na dawa yake ni kuipunguza besi kidogo hapo, si kukiongezea kinanda sauti. Ngoma, kwa kweli, usiziguse.