Kabla ya kuzama katika nyaraka za Du Bois

Mwanafunzi wa historia anaponiuliza ajifunzie wapi kusoma nyaraka binafsi, humwelekeza kwenye zile za W.E.B. Du Bois, msomi na mwanaharakati Mweusi wa Marekani, zilizohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Amherst, Marekani. Sababu ya kwanza ni ya mfukoni: nyaraka hizo zimewekwa kwenye intaneti, na mtu aliyeko Dodoma au Eldoret anazisoma bure, bila viza wala nauli. Sababu ya pili ni Du Bois mwenyewe. Alihitimu Chuo Kikuu cha Fisk mwaka 1888 na Harvard mwaka 1890, wakati ambapo Mmarekani Mweusi mwenye shahada alikuwa mtu wa nadra, na mwaka 1895 akawa Mweusi wa kwanza kupata udaktari wa falsafa Harvard. Tangu ujana alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Alipofariki Accra tarehe 27 Agosti 1963 aliacha shehena ya barua, hotuba, picha na miswada, ambayo chuo kiliipata kutoka kwa mjane wake, Shirley Graham Du Bois, mwaka 1973.

Shehena hiyo ina nyaraka zipatazo laki moja, na ndiyo maana nashauri usianze kwa kuandika jina katika kisanduku cha kutafutia. Anza na mwongozo wa mkusanyiko, hata kama unachosha, kwa sababu ndio unaokueleza nani alizipanga karatasi na kwa utaratibu gani. Ukitafuta jina la Kenyatta utapata karatasi zilizotajwa jina hilo, basi. Lakini ukizifuata barua ambazo Du Bois na George Padmore, mwanaharakati wa umajumui wa Afrika mzaliwa wa Trinidad, waliandikiana mwaka 1945, moja baada ya nyingine kwa tarehe, utaona Kongamano la Umajumui wa Afrika lililofanyika Manchester, Uingereza, Oktoba mwaka huo likizaliwa katika mabishano ya wapi likutane, lini, na nani hasa awaalike wajumbe. Kenyatta alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiliandaa upande wa Uingereza, na nafasi yake inaeleweka vizuri zaidi ndani ya mjadala huo, hata pale asipotajwa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kutafuta nusu ya pili ya kila mazungumzo. Kwa kawaida mtu huhifadhi barua alizopokea, ilhali zile alizotuma ziko mikononi mwa wengine. Du Bois alikuwa na desturi ya kubaki na nakala za kaboni za barua nyingi alizopiga taipu, na hiyo ni bahati usiyoikuta katika mikusanyiko mingi. Hata hivyo, bahati hiyo haifiki pote. Alipokuwa mwanafunzi alimwandikia Rutherford B. Hayes, rais mstaafu wa Marekani aliyesimamia Mfuko wa Slater, uliofadhili elimu ya Weusi, akidai msaada wa kwenda kusoma Ulaya, na akafanikiwa kwenda Berlin kuanzia mwaka 1892 hadi 1894. Barua zenyewe alizotuma zimo katika nyaraka za Hayes huko Fremont, Ohio. Mimi hutumia daftari lenye safu mbili, barua zilizoingia na zilizotoka, na safu yenye mapengo ndiyo inayoniambia ni maktaba gani nyingine nibishe hodi.

Uangalifu wa namna nyingine unahitajika kwa karatasi ambazo mtu aliziandika akiwa peke yake. Mkusanyiko huu una maandishi ya Du Bois ya Februari 1893, alipotimiza miaka 25 akiwa Berlin: alijiandalia sherehe chumbani, akawasha mishumaa, akanywa divai, na kuandika azma ya kuyatoa maisha yake kwa ajili ya kuinua watu wake. Wasomaji wengi huyachukua maneno hayo kama moyo wake ulivyo. Sikubaliani nao sana, kwa kuwa kijana anayejipangia ratiba ya sherehe yake mwenyewe na kuitunza maisha yake yote tayari anamwona msomaji mbele yake. Yalinganishe na barua ya mwaka 1914 aliyomwandikia binti yake Yolande, aliyekuwa shuleni Uingereza, ambamo baba anamwandaa mtoto kwa macho ya watu watakaoshangaa rangi yake. Humo anazungumza na mtu mmoja tu, na sauti inabadilika.

Kuhusu taratibu, sina mengi ya kusema. Nakili namba ya utambulisho ya kila waraka papo hapo, maana bila hiyo msimamizi wako hawezi kuufikia. Tarehe iliyokisiwa na watunza nyaraka iandike kama makisio. Na ukitaka kuchapisha picha au barua nzima kitabuni, omba kibali mapema, kwani kusoma bure hakukupi haki ya kuchapisha.