Pinyin bila toni ni nusu ya neno

Wewe unayeanza kuchapa notisi au orodha za msamiati wa Kichina, nakusihi: ukiandika pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, weka alama za toni (kupanda na kushuka kwa sauti) tangu mstari wa kwanza. Sisi tunaandika barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" kwa herufi zilezile, kisha mkazo tunaujua wenyewe. Mwanafunzi wa Kichina hana akiba hiyo. Mǎi ni kununua, mài ni kuuza. Ukimwandikia "mai" tupu, umemwachia akisie.

Nilipoanza nilichapa mai3, mai4, namba ya toni badala ya alama, nikajiahidi kurekebisha baadaye. Muda ulipowadia nilikuwa na kurasa nyingi, nikaanza kuokota alama kwenye menyu kwa haraka. Kwa toni ya tatu nikachukua ă, herufi ya Kiromania, yenye kijiti kilichopinda kama bakuli. Ya pinyin ni ǎ, yenye ncha kama V. Kwa jicho lililochoka ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili. Natafuta neno kwenye faili, naambiwa halimo, na huku naliona! Usiku ule nilirudia orodha nzima. Kwa hiyo kuza maandishi uikague ile ncha kabla hujaendelea.

Kwenye Mac, chagua kibodi ya ABC – Extended. Option na A, kisha irabu, ni toni ya kwanza. Option na E ni ya pili. Option na V ni ya tatu. Option na kile kitufe cha ` ni ya nne. Siku mbili tu vidole vimeshazoea.

Kwenye Word ya Windows, andika 01CE, namba ya herufi hiyo kwenye kompyuta, halafu bonyeza Alt na X: unapata ǎ. Hapa pana mtego. Ukitaka bǎ ukaandika b01CE, Word huihesabu b kuwa sehemu ya namba, ikakutolea kiboksi. Herufi a mpaka f zote zina tabia hiyo. Chagua namba peke yake kwanza, ndipo ubonyeze. Maneno unayoyarudia kila siku yaingize kwenye masahihisho ya moja kwa moja (AutoCorrect), ili mai3 igeuke mǎi yenyewe.

Alama ikae wapi? Kama kuna a au e, hapo hapo. Kwenye ou, juu ya o. Kwingine, irabu ya mwisho: liú, guì.

Na ü usiidharau. Lù ni njia, lǜ ni kijani. Unapochapa Kichina chenyewe, v ndiyo husimama badala ya ü, basi wengi huiacha v hiyo hata kwenye pinyin ya kusomea. Mwanafunzi mgeni hawezi kuitamka "lv". Mwandikie ǜ, namba yake ni 01DC.