Mwanangu ananyang'anywa hela ya kula shule, baba yake anasema apigane

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Mbagala. Mkubwa yupo darasa la tatu shule ya serikali, sasa toka shule zifunguliwe anarudi na njaa balaa wakati asubuhi nampa mia tano kila siku, nikimuuliza anasema imedondoka. Juzi mdogo wake ndo akaropoka kwamba kuna wakaka wa darasa la tano wanamvizia vyooni mapumziko wanamsachi, asipotoa hela wanamwita kikojozi mbele za watu. Nilivyombana mwenyewe akalia tu, anasema mama usiende shule wataniita mchongeaji. Baba yake anasema mtoto wa kiume apigane bwana. Mi naona wataniumizia mtoto. Nimfundisheje kusema jamani?
Mama wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mama wawili, pole. Hilo la kupigana mwambie baba alisahau kwanza, wa darasa la tatu mmoja na wa darasa la tano sijui wangapi hiyo si ngumi ni kujipeleka, halafu mwalimu wa zamu akitokea ghafla atakayekutwa mkono uko juu ni wa kwako.

Kinachomfunga mdomo ni hilo neno mchongeaji, we usilichukulie poa maana kwa mtoto kuitwa hivyo ni kubaya kuliko kukosa andazi. Kaa naye mtenganishe kuchongea na kusema. Kuchongea ni pale unapotaka mwenzio achapwe tu, mfano "mwalimu, flani katafuna ubuyu darasani". Kusema ni pale mtu anapoumizwa au kuchukuliwa chake na unataka iishe. Mpe mifano kumi akuambie ipi ni ipi, watoto wanaupenda mchezo huo.

Sasa hapa nitakuudhi kidogo. Nyumbani mtoto akija analia "mama, flani kanipiga", tunamjibu nini? "Na we ulimfanya nini?" Au toka hapa wakubwa wanaongea. Keshasikia hivyo miaka minane, leo unategemea akamwambie nani? Anza kwenye vitu vidogo, mdogo wake akimpora mpira mwache aseme kwa sauti "sitaki, nirudishie" na ukisikia hakikisha anarudishiwa kweli, aone kusema kunalipa.

Halafu mfanye mazoezi, si kwa kumkalisha kitako kama kesi, mkiwa mnachambua mchele huko. Aseme nani, wapi, saa ngapi, basi. Achague mwalimu mmoja anayempenda amwambie "mwalimu nina shida naomba nikuambie pembeni", kwa sababu darasa lenye watoto mia hakuna mwalimu atakayegundua mwenyewe. Na mwambie kabisa, mwalimu wa kwanza akisema nenda kacheze basi aende kwa wa pili, huko hakukosea kitu.

Na marafiki zake je? Kuna watafiti Kanada waliwawekea watoto wa shule kamera na vimaiki wakati wa mapumziko, matokeo yakatoka 2001, uonevu karibu wote ulikuwa na watoto wengine wanaangalia, waliojitokeza kutetea wachache, lakini walipojitokeza zaidi ya nusu ya mara hizo uliisha ndani ya sekunde 10 tu. Kwa hiyo asiende chooni peke yake, na hao rafiki zake wawili wafundishe kusema "mwacheni" na kumvuta waondoke, si kupigana.

Shule utaenda, ila mwambie kwanza usimsaliti. Nenda kwa mwalimu wa darasa watoto wakishatoka, kimya kimya, na tarehe umeziandika kwenye daftari. Muombe kabisa wale wakaka wasicharazwe mstarini mbele ya shule nzima, maana jioni watamsubiri getini, bora waitwe wazazi wao. Ikipita wiki kimya panda kwa mwalimu mkuu, kisha afisa elimu kata. Akiumizwa mwilini hapo si suala la shule tena, nenda polisi dawati la jinsia na watoto upewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwe. Pia kuna namba 116 ya watoto, ni bure, hata yeye mwenyewe anaweza kupiga. Kwa sasa hiyo mia tano geuza iwe chapati mbili kwenye begi, hawana cha kusachi.

Baba naye mpe kazi, kwenye mazoezi yeye ndo awe mkaka wa darasa la tano, amkunjie shati mtoto mlangoni pa choo, aone anavyotetemeka. Halafu uniandikie kama bado anataka apigane.