Kidonge upande wa kulia: kwa wadogo zangu mnaoanza utafiti wa picha za ubongo

Kifaa cha bei nafuu kuliko vyote katika chumba chetu cha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ni kidonge cha vitamini E, na mimi kingeniokolea miezi mitatu ya kazi. Hubandikwa kwa plasta upande wa kulia wa kichwa kabla mgonjwa hajaingizwa kwenye mashine. Mafuta yaliyomo ndani yake hung'aa kwenye picha, nawe unajua bila kubahatisha: kulia ni huku.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu, nikichambua picha za watu waliopata kiharusi. Daktari wa radiolojia, yule anayesoma picha za ndani ya mwili, huitazama picha kana kwamba amesimama miguuni pa mgonjwa, kwa hiyo kulia kwa mgonjwa huwa kushoto kwenye skrini. Baadhi ya programu za watafiti hufanya kinyume, zinatazama kama mtu aliyesimama kichwani pake. Picha zetu zilitoka hospitali mbili, zikahamishwa kutoka aina moja ya faili kwenda nyingine, na humo njiani karibu nusu yake ziligeuka. Hakuna kilichopiga kelele. Pande mbili za ubongo hufanana mno, na programu haina haya: ukiipa picha iliyogeuka itakupa majibu yenye desimali nne.

Kilichoniamsha ni mama mmoja. Nilikuwa nimempokea mwenyewe siku ya kipimo, na nilimkumbuka kwa sababu alinipa mkono wa kushoto, kisha akaomba radhi, "Mwanangu, usinione sina adabu, huu wa kulia haunyanyuki." Wiki nyingi baadaye nafungua faili lake, jeraha liko upande wa kulia wa ubongo. Hesabu ikakataa. Mkono wa kulia unaendeshwa na ubongo wa kushoto. Nilirudi kwenye mafaili yote, moja baada ya jingine, na nilipomaliza nilikwenda kwa msimamizi wangu nikiwa na orodha mkononi na tumbo likiniuma. Muhtasari tuliokuwa tumeshautuma kwenye mkutano tuliuondoa.

Ndiyo maana mwanafunzi akija kwangu siku ya kwanza simpi programu. Nampa picha ishirini na kiti. Azifungue, azipitie kipande kwa kipande, aniambie nani alitikisa kichwa, nani ana meno ya chuma yaliyokula nusu ya paji la uso, nani ubongo umesinyaa kuliko umri wake. Wengi hukasirika, walikuja kujifunza akili bandia, wanakalishwa kutazama picha kama watoto wa chekechea. Acha wakasirike.

La pili: msiabudu ukubwa wa sumaku. Nimesikia kijana akisema kwao hawawezi kufanya utafiti wa maana kwa sababu hawana mashine ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Blantyre, Malawi, walikuwa na ya Tesla 0.35. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba malaria ya ubongo inaua watoto, ila namna inavyoua ilikuwa ubishi. Dk. Terrie Taylor, Mmarekani aliyefanya kazi Malawi tangu miaka ya 1980, pamoja na wenzake, waliwapiga picha watoto katika Hospitali ya Queen Elizabeth wakiwa bado mahututi. Mwaka 2015 walichapisha habari za watoto 168. Walifariki 25, na kati ya hao 21 ubongo ulikuwa umevimba vibaya walipolazwa. Kati ya 143 waliopona, waliovimba hivyo walikuwa 39. Ubongo ukivimba hubana shina lake, ambako pumzi huendeshwa, na mtoto huacha kupumua. Kwa waliopona uvimbe ulikuja kushuka. Hapo ndipo likaja swali jipya la tiba: je, ukimpumulisha mtoto kwa mashine hadi uvimbe ushuke, atavuka?

Angalieni walichokuwa nacho. Sumaku dhaifu, lakini swali lenyewe lilikuwa kali, na walikuwa wodini miaka mingi kabla mashine haijafika. Ningekuwa na uwezo ningemlazimisha kila mwanafunzi wa fizikia ya MRI kukaa mwezi mmoja wodini, na kila daktari kukaa mwezi mmoja na fundi wa mashine.

Kuhusu takwimu nitasimulia kisa cha samaki, kisha nitaacha. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake wa Marekani walionyesha matokeo ya samaki aina ya samoni, mfu, waliyemlaza ndani ya MRI wakamwonyesha picha za binadamu na kumuuliza wale watu wanahisi nini. Uchambuzi wa kivivu ulionyesha sehemu ya ubongo wa samaki "ikifanya kazi". Sababu ni nyepesi. Picha ya ubongo hukatwa vijisanduku viitwavyo vokseli; ukiwa na vokseli 100,000 na ukikubali kukosea mara moja katika kila 1,000, utapata vokseli kama 100 zinazowaka bure. Usiposahihisha hesabu kwa wingi wa majaribio, samaki wako atafikiri. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa na sura nzima ya tasnifu iliyochambuliwa hivyo hivyo.

Chumba cha MRI kina adabu zake ambazo vitabu vya nje havizisemi. Sumaku ya mashine kubwa haizimwi, hata usiku wa manane mlango ukiwa umefungwa, kwa hiyo chuma chochote kinavutwa. Fomu zinauliza kuhusu vifaa vya moyo na vipande vya risasi. Haziulizi hirizi, na hirizi huweza kushonewa chuma ndani. Haziulizi nywele za bandia zenye waya, wala shanga za kiunoni. Ukiwa kijana wa kiume, usimuulize mama wa umri wa shangazi yako habari za kiunoni. Mwite muuguzi wa kike. Na hirizi usiifungue wala usiicheke. Mpe mwenyewe bahasha, aitie humo kwa mkono wake, ndugu yake aishike nje. Tangu tuanze hivyo sijaona mtu akikataa kuingia.

Pesa ni za miradi, mkataba wa miaka miwili au mitatu, na mpangilio wa majina ya waandishi mkubaliane kabla data haijakusanywa. Nimeshaona urafiki wa miaka kumi ukivunjika kwa nafasi ya pili.

Bado kuna jambo nililojifunza vibaya. Tulihitaji watu wenye afya wa kulinganisha na wagonjwa, akajitolea kijana wa ofisi ya jirani. Kwenye picha yake tukaona uvimbe. Fomu yetu ya ridhaa ilisema tu kwamba "atajulishwa ikibidi". Nani ajulishe? Sisi si madaktari wake. Tulibishana siku nne, na katika siku hizo nne alipita mlangoni petu kila asubuhi akiuliza kama picha zimetoka vizuri. Siku ya tano daktari wa radiolojia, ambaye tulipaswa kumwita siku ya kwanza, alimwita, akamkalisha, akampeleka kwa daktari wa upasuaji. Fomu yetu ya sasa inataja jina la daktari atakayezungumza na mtu huyo, na muda wa kufanya hivyo: saa 48.